Jioni Moja Kinshasa

Nilipokuwa Kinshasa nilijitolea kupanga viti kwenye mazoezi ya okestra ya kanisa la Kimbangu, kwa kuwa napenda sana muziki. Armand Diangienda, aliyewahi kuwa rubani, aliianzisha mwaka 1994. Mwanzoni fidla zilikuwa chache, wakazipiga kwa kupokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli.

Jioni ile akina mama walifika wamechoka na kazi za mchana, ala mikononi. Mara umeme ukakatika. Nilidhani tutarudi nyumbani. Hakuna aliyeinuka, waliendelea kupiga gizani yale waliyoyahifadhi moyoni.

Nikajiuliza: taa ikizimika nyumbani kwangu, mimi nimehifadhi nini?