Wyoming: Ukweni, Upepo na Mtutu Mmoja wa Bunduki

Nilidhani nakwenda kula bata mzinga na kuwafurahisha wakwe. Kumbe nilikuwa nakwenda kushuhudia familia nzima ikivutana juu ya kipande cha chuma!

Kuna maswali ambayo mwanamke anajiandaa kuulizwa siku ya kwanza ukweni. Kwenu mko wangapi? Unajua kupika nini? Mjukuu lini? Mimi niliulizwa hivi: "Wewe unaonaje, inchi 22 au 26?" Nikabaki mdomo wazi na kijiko mkononi.

Nianze mwanzo. Mimi na mume wangu tunaishi Denver. Mimi mhasibu, yeye anatengeneza programu za kompyuta. Tulifunga ndoa ya bomani, wazazi wake wakaja, wangu wakaangalia kwa simu kutoka Njombe huku mtandao ukikatikakatika. Tangu siku hiyo tuna akaunti ndogo benki tunayoiita "Njombe". Kila mwisho wa mwezi tunatia chochote, ili siku moja mkwe akapige hodi kwa wazee wangu kama inavyotakiwa. Kumbukeni akaunti hiyo, nitairudia.

Novemba, Sikukuu ya Shukrani, ikawa zamu ya kwenda kwao.

Barabara ya kaskazini

Kutoka Denver unashika barabara kuu namba 25 kwenda kaskazini. Baada ya kilomita 160 hivi unafika Cheyenne, makao makuu ya jimbo la Wyoming. Mji uko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo umepanda zaidi ya Mbeya mjini. Ukiendelea kilomita nyingine 70 unakuta Chugwater, kijiji ambacho ukipiga chafya umeshakipita. Shamba la ng'ombe la wakwe zangu liko upande huo.

Mimi ni mtoto wa Njombe, baridi tunajuana. Lakini jamani, upepo wa Wyoming ni kitu kingine! Siku nyingine barabara hiyo inafungwa kwa malori yasiyo na mzigo maana upepo unayalaza ubavu. Miti michache iliyopo imeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea. Na kimya chake! Jimbo lina ukubwa wa zaidi kidogo ya robo ya Tanzania, lakini watu hawafiki 600,000.

Nyumbani nilipokelewa vizuri mno. Wao wanaitana kwa majina tu, hata mzee anaitwa jina lake na mtoto wa jirani. Mimi nikashindwa. Kwetu jina la baba mkwe halitajwi hovyo, basi nikawaita Baba na Mama. Baba akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Mume wangu akaninong'oneza kwamba hilo kwa mzee ni sawa na kucheza ngoma.

Mbweha wa Marekani

Baada ya chakula bunduki ikawekwa mezani, tupu, bolti imetolewa. Mimi bunduki nilizozizoea ni za walinzi wa benki, na gobore la babu yangu lililokuwa likifukuza nguruwe pori kwenye mahindi na kutoa moshi zaidi ya risasi. Nikasogeza kiti nyuma. Baba akaona, akaigeuza mdomo uelekee ukutani, kisha akaniuliza habari za hilo gobore. Nikamsimulia. Akacheka hadi akakohoa.

Adui wa shamba lile ni koyoti. Mfikirie mbweha wetu, mwongezee ukubwa kidogo, kilo 10 hadi 20 hivi, na umpe sauti ya kulia usiku kama watoto kumi wanaozomeana. Jina lake limetoka kwenye lugha ya Kinahuatl ya Meksiko. Anakula panya na sungura, lakini wakati ng'ombe wanazaa, kuanzia Februari hadi Aprili, hunyemelea ndama aliyedondoka muda huo huo na hajasimama. Sheria ya Wyoming inamweka kwenye kundi la wanyama waharibifu, kwa hiyo kumwinda hakuhitaji leseni, na hakuna msimu.

Bunduki ile Baba aliinunua miaka ya 1980. Inatumia risasi ya .22-250. Risasi hiyo kwanza ilikuwa ya mafundi wa nyumbani, ndipo mwaka 1965 kampuni ya Remington ikaanza kuitengenezea bunduki kiwandani. Kichwa chake kina uzito wa gramu 3.6 tu, lakini kinatoka kwa kasi ya mita 1,100 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti. Kasi hiyo ina gharama yake. Baruti nyingi inapita kwenye tundu dogo, na moto unakula mtutu. Mume wangu alileta kamera nyembamba kama mrija, akaiingiza ndani. Kwenye simu tukaona chuma kimepasukapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Baada ya risasi zaidi ya 3,000, mtutu ulikuwa umekwisha. Matundu ambayo zamani yalifunikwa na sarafu moja sasa yalitawanyika ukubwa wa sahani.

Kwa hiyo swali likawa: mtutu mpya uwe wa namna gani?

Pia ya utotoni

Hapa ndipo nilipopata darasa, na nawapa bure. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa inayoizungusha risasi ili isipinduke hewani. Ni kama pia tuliyochezea utotoni: ikizunguka inasimama, ikipungua mwendo inayumba. Risasi fupi na nyepesi haihitaji kuzungushwa sana. Risasi ndefu inahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mwanahisabati wa Uingereza, George Greenhill, alitoa kanuni ya jambo hilo mwaka 1879, na watu wanaitumia mpaka leo.

Mtutu wa zamani ulikuwa na msokoto wa inchi 14, yaani risasi inazunguka mara moja kila inchi 14. Unafaa kwa risasi fupi za koyoti. Lakini mume wangu ana ugonjwa mwingine: kulenga bamba la chuma lililoko mita 900. Kwa mbali hivyo risasi nyepesi inapeperushwa na upepo kama karatasi, tena upepo wenyewe wa Wyoming! Anataka risasi ndefu ya gramu 5 na zaidi, na hiyo inadai msokoto wa inchi 8.

Tena akawa na wazo la pili. Bolti ya bunduki ile inakubali pia risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Ni kubadilisha mtutu tu. Inafika mbali, haisumbuliwi sana na upepo, na mtutu wake hudumu zaidi.

"Kwa koyoti?" Baba akauliza. "Unataka kuua nzi kwa nyundo."

"Dunia imebadilika, mzee."

"Koyoti hajabadilika."

Wakaendelea hivyo siku mbili. Mtutu mnene au mwembamba? Mnene haupati joto haraka na hautikisiki, lakini wa inchi 26 unafika kilo mbili na nusu peke yake, wakati mwembamba ni nusu yake. Mrefu au mfupi? Kila inchi unayokata inapunguza mita 6 hadi 9 za kasi kwa sekunde. Chuma kitupu, au kile chembamba kilichofungwa nyuzi za kaboni, chepesi na kigumu, ila bei yake karibu mara mbili?

Ugomvi wa kunong'ona

Usiku wa pili, chumba cha wageni, mume wangu akanionyesha simu. Mtutu wa kaboni, dola 900 na ushee. Fundi bado.

"Pesa zipi?" nikauliza.

Kimya.

"Za Njombe?"

"Nitazirudisha, mpenzi. Miezi minne tu."

Wanandoa mnajua ule ugomvi wa kunong'ona ukweni, ambapo hata hasira inabidi ivae soksi. Nikageukia ukutani. Baba yangu ana miaka sabini, anauliza kila Jumapili mkwe anakuja lini, na sisi tunanunua bomba!

Baada ya muda mrefu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Tangu nilipohamia Denver na kuacha shamba, baba haongei na mimi. Anauliza hali ya hewa, basi. Hizi siku mbili ameongea kuliko miaka mitano yote. Bunduki ndiyo lugha pekee iliyobaki. Nikisema sina pesa, mazungumzo yanakwisha."

Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono, lakini sikusema ndiyo.

Aliyesahaulika

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo na Mama. Wanaume mezani, wameanza tena. Mama ni mfupi kuliko mimi, mikono yake migumu kama ya bibi zetu wa Njombe. Nikamuuliza, kwa umbea tu, "Mama, hivi hii bunduki anayeibeba ni nani?"

"Mimi," akasema, bila kugeuka.

Mezani pakawa kimya.

Kumbe Baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga miaka miwili iliyopita. Tangu hapo anayeamka alfajiri wakati wa kuzalisha, akazunguka uzio kwa miguu kwenye theluji, ni Mama. Bunduki ile na darubini yake ni karibu kilo 5, na mdomo wake mrefu unagonga mlango wa gari kila anaposhuka. Siku mbili nzima watu wazima wanabishana juu ya upepo wa mita 900, na hakuna aliyemuuliza mbebaji!

Nikakumbuka niliyosoma njiani: Wyoming ilikuwa ya kwanza Marekani kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, mwaka 1869, na hadi leo inajiita Jimbo la Usawa. Sikusema kitu. Mkamwana wa siku tatu hasemi kila kitu.

Baba alisukuma kipande cha boksi na kalamu hadi ukingo wa meza. Mama akafuta mikono, akakaa.

"Wa mbali kabisa niliyempiga alikuwa mita 250. Wengi ni mia," alisema. "Nataka mfupi, mwepesi, na usinipasue masikio."

Na hapo, wapenzi, jambo la siku mbili likaisha kwa dakika kumi. Risasi ibaki .22-250, maana stoo kuna maboksi tele na teke lake ni dogo begani. Urefu inchi 22, hasara ya kasi kwa mita 250 haina maana. Unene wa kati kuelekea mwembamba, maana koyoti hapigwi risasi ishirini mfululizo. Chuma cha kawaida kisichoshika kutu. Mdomo ukatwe hesi ili kifungwe kifaa cha kupunguza mlio.

"Na msokoto?" Mama akamtazama mwanawe.

"Nane," akasema taratibu. "Risasi nyepesi itaenda, mradi usinunue zile za ganda laini sana, zinaweza kusambaratika hewani kwa kuzungushwa mno. Na mimi nikija naweza kutumia ndefu. Mita 600 zinanitosha."

Baba akaandika 8, akaizungushia duara. Kisha akasema mtutu utalipwa na pesa ya ng'ombe. Akamgeukia mwanawe. "Zako mpeleke mkeo kwao. Nataka picha ya hilo gobore."

Nilikimbilia chooni. Sikutaka wanione nalia kwa sababu ya boksi la kadibodi.

Machi

Tulirudi Machi. Fundi alikuwa amemaliza, bunduki imepungua zaidi ya kilo moja. Mama alipiga risasi tatu kwenye karatasi ya mita 100, na matundu yote yakafunikwa na sarafu moja. Baba alichukua karatasi ile akaibandika kwenye friji, juu ya picha yetu ya harusi. Mume wangu akapewa zamu, Baba akamsomea upepo, wakabaki huko kilimani mpaka giza. Sijui waliongea nini. Nilisikia kicheko mara mbili.

Alfajiri iliyofuata nikatoka na Mama. Baridi kali, pumzi zetu zinaganda kwenye mitandio. Ndama watatu walikuwa wamezaliwa usiku. Ng'ambo ya uzio akatokea koyoti mmoja, mwembamba, anatembea na kunusa. Mama akainua bunduki kwa wepesi, akamfuata kwa darubini. Nikaziba masikio.

Koyoti akaruka juu, akatua kwa miguu ya mbele, akainua kichwa na panya mdomoni. Kisha akageuka, akaenda zake bila kuwatazama ndama.

Mama akashusha mtutu. "Huyo kaja kwa panya," akasema, na tukarudi kunywa kahawa.

Tiketi za Njombe tumeshakata. Ni za Agosti, wakati wa baridi ya kwetu.

Ukitaka kwenda

- Tua Denver, kodisha gari, shika barabara namba 25 kaskazini. Angalia taarifa za upepo na theluji kabla ya kuondoka.
- Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Mwishoni mwa Julai kuna Cheyenne Frontier Days, tamasha la wapanda farasi lililoanza mwaka 1897. Vyumba vinajaa, weka nafasi mapema.
- Beba koti la kuzuia upepo hata Julai, na mafuta ya midomo. Hewa ni kavu mno.
- Ukialikwa shambani, funga kila geti ulilolikuta limefungwa. Ukionyeshwa bunduki, usiiguse mpaka mwenyewe akufungulie uone ni tupu, na hata hapo usielekeze mdomo kwa mtu.