Miche 300, mama mmoja

Wasee, kuna video yangu nimefuta. Ile ya kupanda miti msitu wa Kieni, mimi na gambuti, droni juu. Ndiyo ilitazamwa kuliko zote. Kampuni fulani ilinilipa, sitaitaja.

Tulipanda muiri. Gome lake huenda Ulaya kutengenezwa dawa ya tezi dume, na umechunwa sana hadi tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kuurudisha msituni ni kitu poa, si ndio?

Juzi nikapita kwa guka mwenye kitalu kando ya barabara hapa Thika, mahali miche ilitoka. Nataka mmoja wa shosho. Nikamuuliza, guka, mbegu hutoa wapi?

"Mti mmoja tu, kijana wangu. Uko kwa boma ya jirani. Huzaa sana huo."

Miche 300, yote ya mama mmoja. Ikikua itachavushana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa ukijua kuangusha mmoja, wengine hawana mahali pa kujificha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa nasomea mimea. Lakini usiku huo sikulala, nilikuwa nasoma. Utafiti wa DNA ya muiri uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba miti ya magharibi mwa Uganda inakaribiana kiukoo na ya Cameroon kuliko na yetu ya mashariki mwa Bonde la Ufa. Kwa macho ni mti uleule! Kumbe kabla hujachimba shimo unauliza: mbegu ni ya upande gani, na ya mama wangapi?

Sisi wa Ruiru tungejua hii mapema. Ruiru 11, kahawa iliyotolewa hapa 1985, inastahimili ugonjwa wa kuozesha matunda kwa sababu ndani yake kuna damu ya Rume Sudan, kahawa ya asili ya Boma, Sudan Kusini. Saa hii mashamba ya kahawa tunayageuza ploti, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Sijasikia mtu akihesabu mama.

Kampuni nimeiandikia, haijajibu. Guka amekubali tutafute miti mingine, iliyo mbalimbali. Lazima tuharakishe, mbegu za muiri hazikai. Kama kwenu Gatundu au Githunguri kuna muiri mzee, niandikie inbox. Sitakuja na droni.