Ukienda Mombasa, panda treni inayosimama

Likizo inapokaribia na watoto wanapoanza kuuliza habari za bahari, huenda umekwisha kuamua: ni treni ya haraka, takriban saa tano tu, na mko pwani. Si uamuzi mbaya. Lakini kabla hujalipa nauli, hebu ifikirie ile treni nyingine, inayotoka Nairobi asubuhi na kusimama njiani. Itakuchelewesha kwa saa moja hivi, lakini itakuonyesha nchi. Tena itawaonyesha wanao kitu ambacho taifa lilikopa mabilioni kukijenga, na ambacho wao ndio watakaoendelea kukilipia.

Safari huanzia Syokimau. Fika mapema na usisahau kitambulisho. Kabla ya kuingia, mizigo hupangwa mstari chini, kisha mbwa wa polisi wakaja kuinusa, mfuko baada ya mfuko. Watoto hulifurahia jambo hilo sana. Mkiisha kukaa, angalia kama una bahati ya kiti cha upande wa kulia. Mkipita Athi River na kukaribia Emali, asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kilimanjaro hujitokeza ng'ambo ya mpaka, kilele chake cheupe.

RELI MBILI

Waambie watoto wachungulie dirishani. Hapa na pale wataona reli nyingine, nyembamba, imepita chini ya hii yenu au kando yake. Hiyo ndiyo reli ya mkoloni. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Upana wake ni mita moja. Hii mnayosafiria ni milimita 1,435, na treni yake ya abiria huweza kukimbia kilomita 120 kwa saa.

Wazazi wengi wanaikumbuka treni ya zamani. Ilitoka Nairobi jioni, ukala chakula cha usiku behewani, ukatandikiwa kitanda, ukaamkia nyikani. Safari yake ya mwisho kati ya Nairobi na Mombasa ilikuwa Aprili 2017. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Mei, Rais Uhuru Kenyatta aliizindua reli mpya. Iligharimu shilingi bilioni 327 hivi, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya Uchina. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700, ikawa 1,000, na Januari 2024 ikapanda hadi 1,500. Kwa familia ya watu watano, hizo si pesa za kuchezea.

MJI WA MADEREVA

Baada ya Kibwezi mtafika Mtito Andei, karibu nusu ya safari. Stesheni ni nzuri, safi, yenye nafasi tele. Mji wenyewe lakini haukuzaliwa na stesheni hiyo. Umelelewa na barabara kuu: madereva wa malori wanaolala hapo, mabasi yanayosimama abiria wanywe chai, mafundi wa magurudumu, akina mama wauza matunda. Serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba mizigo ya kutoka bandarini ibebwe kwa reli, kilio kilisikika kuanzia Mombasa hadi miji kama huu. Lori moja likikosa kupita, si dereva peke yake anayekosa riziki. Anayepika ugali wake hukosa, na anayeziba pancha vilevile. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zingerudishwa bandarini.

Kutoka hapo mtaingia Tsavo. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake pameachwa njia za wanyama. Tazameni vizuri, huenda mkawaona ndovu, wekundu kwa vumbi la ardhi yao. Mtavuka mto Tsavo juu ya daraja lenye urefu wa karibu kilomita mbili. Mwaka 1898 ujenzi wa daraja la reli ya kwanza ulisimama hapa kwa sababu ya simba wawili waliokuwa wakiwala wafanyakazi.

Kisha ni Voi, Miasenyi na Mariakani. Minazi ikianza kuonekana na joto likipanda, jueni Miritini haiko mbali. Huko ndiko treni hii inakoishia, si mjini, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya matatu.

Upande wa pili wa nchi, reli hii ilisonga mbele kilomita 120 hivi kutoka Nairobi, na mwaka 2019 ikakomea karibu na Suswa, huku Kisumu na Malaba zikiendelea kungoja. Mtoto akiuliza kwa nini reli ilikomea porini, usimnyamazishe. Mweleze habari za mkopo, na jinsi deni lisivyongoja reli ifike inakokwenda.

Na mkirudi, ushauri wangu ni huu: rudini kwa basi, tena mchana. Basi likisimama Mtito Andei, shukeni nyote. Kunyweni chai, nunueni machungwa, zungumzeni na mwenye kibanda. Muulizeni biashara ilikuwaje kabla ya treni, na ikoje sasa. Majibu yake hayamo katika tiketi ya treni, wala hayamo katika hotuba za uzinduzi. Watoto wasikie wenyewe.