Hodi Kabla ya Barua

Sisi ni mawifi wawili wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yetu ni kushona kofia za mkono, zile za vitundu. Kofia moja ya kazi njema hutuchukua miezi miwili hata mitatu, kwani kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano. Wanunuzi wake si wengi mtaani, ambako kofia za mashine zimejaa kwa bei nafuu. Wateja wetu wengi wako Muscat, Dubai, London, na baadhi yao Nairobi. Hawapiti mlangoni petu, na picha tukizitia kwenye WhatsApp huzikwa upesi chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya maziko. Ndipo binti yetu aliyesomea biashara alipotuambia: "Mama, shangazi, waandikieni watu barua pepe."

Tulikuwa na anwani za wateja kumi na saba. Jamaa yetu mmoja, aliyewahi kusimamia mialiko ya harusi kubwa, akatuongezea nyingine, zikafika 112. Hatukujiuliza wenyewe walizitoa kwa ajili ya nini. Tulifurahia wingi wake tu. Tukaziandika zote kwa pamoja katika nafasi ya mpokeaji, na juu ya barua tukatia kichwa: "Haraka! Zimebaki tatu." Kabatini zilikuwamo tisa.

Asubuhi yake tulipata jibu la mteja wetu wa zamani, aliyekuwa ameagiza kofia ya mwanawe. Aliandika mistari minne isiyo na ukali. Anwani ile aliifungua upya kwa sababu za kifamilia na kuwapa watu wachache mno. Sasa kila aliyepata barua yetu aliweza kuisoma, na miongoni mwao walikuwamo aliokuwa akijitenga nao. Hatutasema zaidi ya hayo, maana hata hayo ni yake.

Siku ile sindano hazikwenda. Tangu utotoni tumesomeshwa Surat an-Nur, ambamo waumini wanaamrishwa wasiingie nyumba za watu bila ya kuomba idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Tumelelewa kupiga hodi mara tatu, kisha kwenda zetu iwapo hatukujibiwa. Lakini mlango wa barua pepe hatukuuhesabu kuwa ni mlango. Binti yetu akatuonyesha kwamba hata serikali imeuhesabu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mwenyewe kabla ya taarifa zake kutumiwa kwa biashara. Tuliona haya kuwa sheria ilitukumbusha jambo tulilofunzwa chuoni tukiwa wadogo.

Tukamwandikia kila mtu peke yake, tukaomba radhi na kuuliza kama angependa kupata habari za kofia zetu. Tuliafikiana kuwa atakayenyamaza amekataa. Wakabaki 26. Binti yetu alihesabu mara mbili, uso umemshuka.

Tangu hapo twaandika mara nne kwa mwaka. Barua iliyo muhimu kuliko zote hutoka mwanzo wa Rajabu, kwa sababu anayetaka kofia ya Idi akingoja Ramadhani ifike tumeshachelewa naye. Tunatumia programu inayompelekea kila mmoja barua yake, asione anwani ya mwenziwe. Kichwa husema kilichomo ndani na hakizidishi. Tunatia picha ya kofia moja, bei yake, na ila yake ikiwa inayo, kama vile uzi uliokolea upande mmoja, kwani muuzaji hufichua ila ya bidhaa hata kama mnunuzi yuko ng'ambo. Chini kabisa pana mstari wa kujiondoa, na anayejiondoa tunamfuta siku ile ile, wala hatumwulizi sababu.

Katika wale 26, saba waliagiza kofia za Idi iliyopita, na mmoja akamleta kakake. Kwa barua ile ya watu 112 hatukuuza hata moja. Wako wanaotucheka kuwa barua pepe ni mambo ya ofisini yaliyopitwa na wakati. Huenda ikawa hivyo kwa muuza maandazi. Aliye tayari kuingoja kofia miezi mitatu haoni tabu kusoma barua kwa utulivu.

Yule mteja hakuandika tena, nasi anwani yake tumeifuta. Kofia ya mwanawe ilikwisha kushonwa, ikafuliwa na kutiwa wanga. Imo sandukuni, imefungwa kwa kitambaa cheupe pamoja na nusu ya bei aliyokwisha kuilipa, na kila tukiingia Rajabu tunaitoa tukaipunga hewa, tukairejesha.