Koki ya bei chee na mkono wa bibi

Mkono wa bibi ulikuwa umefungwa kipande cha khanga. Mkwewe, mama wa watoto watatu anayeishi Pasua mjini Moshi, alipotaka kuushika, bibi akaurudisha haraka.

"Shikamoo mama. Mkono umepatwa na nini?"

"Marahaba. Nilijigonga tu. Wiki sasa, unapoa."

Ukweli ulitoka kwa mjukuu wa miaka tisa anayeishi naye kule Kibosho. Bibi, mwenye miaka 78, huoga akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na ndoo. Akitaka kusimama, hujivuta kwa kushika koki. Siku hiyo koki ilimkatikia mkononi, akaangukia kifundo.

Hospitalini alipigwa eksirei, mfupa ukakutwa mzima. Ilikuwa bahati. Katika umri huo mifupa ya wanawake wengi imekwisha kupungua nguvu, na nyonga ikivunjika mtu anaweza asitembee tena kama zamani.

Koki ile ilikuwa ya tatu ndani ya miaka miwili. Kila moja ilipoharibika, mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye anayetunza nyumba ya wazazi, alituma shilingi 10,000 kwa simu, na kijana wa jirani akafunga nyingine kama ileile. Ukiongeza ujira wa kijana kila mara, fedha hizo zingenunua koki moja imara.

Mume na mke wakaamua kutengeneza bafu kabla ya Krismasi, watu wote wanaporudi nyumbani. Walikuwa na shilingi 350,000 za vifaa. Katika duka moja karibu na soko la Mbuyuni, mume akapenda koki inayong'aa ya kuchanganya maji moto na baridi, shilingi 140,000. Mke akataka vya bei chee vyote, maana Januari kuna ada. Wakabishana mpaka fundi, mzee wa Kibosho waliyekwenda naye, akauliza: "Siku za kawaida, nani ataoga humo?"

Wote wawili wakanyamaza.

Fundi akawaeleza kwanza habari ya maji. Mlimani maji hushuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi na matangi ya juu. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bar 1 ya msukumo. Tangi likiwa mita 60 juu ya nyumba, koki inazuia kama bar 6, hasa usiku watu wengi wakiwa wamefunga. Koki nyepesi haivumilii hayo kwa muda mrefu. Dawa yake ni kuingiza maji kwanza kwenye tangi dogo la nyumbani lenye boya, kisha bafu lipate maji kutoka hapo, kwa msukumo mdogo. Bibi tayari alikuwa na tangi la maji ya mvua. Lilihitaji boya zuri na bomba.

Halafu akawafundisha kuchagua koki. Ipime kwa mkono, kwani ya shaba ni nzito kuliko ya ukubwa uleule ya madini mepesi. Chungulia ndani kwenye nyuzi, mahali rangi ya kung'aa haikufika. Shaba huonekana njano. Na uliza kama ndani ina rasha ya mpira, kwa sababu hiyo hupatikana hata duka la kijijini na hubadilishwa kwa spana. Ile ya kung'aa ilihitaji kifaa cha ndani cha kampuni ileile.

Koki inayovuja nayo ina gharama yake. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Kwa kipimo cha dripu ya hospitali, matone 20 kwa mililita moja, hizo ni lita 4 na zaidi kila siku. Na maji hayo ndiyo yanayofanya sakafu iteleze.

Mwishowe fedha nyingi zilikwenda kwenye vitu visivyotazamwa na mgeni: mabomba na kona zinazozikwa ukutani, ambazo zikivuja lazima ubomoe vigae, boya la tangi, vigae vya sakafu vyenye mikwaruzo, koki ya shaba isiyo na urembo, na mshikio wa chuma kisichoshika kutu, uliofungwa kwa skrubu ndefu hadi ndani ya tofali, maana kigae peke yake hakibebi uzito wa mtu. Shawa, kioo na kisahani cha sabuni vilikuwa vya plastiki, vya bei ya chini kabisa. Vikivunjika hakuna atakayeumia, na vitabadilishwa kwa dakika tano.

Krismasi, shemeji kutoka Dar es Salaam alitoka bafuni akicheka: "Hizi koki si za shule ya msingi?" Mume alicheka naye, ingawa ilimuuma kidogo.

Bibi naye alitundika khanga yake kwenye mshikio. Mkwewe aliitoa, akamwonyesha ndoano nyuma ya mlango. "Mama, hapa ni pa kushika tu."

"Mimi sijawa mgonjwa," bibi akajibu.

Asubuhi iliyofuata khanga ilikuwa kwenye ndoano. Ndani ya bafu kulisikika kigoda kikisogezwa, kisha hatua za bibi akija mlangoni. Hakuwa amemwita mtu.