Kiraka wa Barafuni

Kila kocha aliyeniajiri aliniuliza ninaweza kucheza nafasi ipi, nami nilimjibu kwamba safu ya mbele nacheza popote. Jibu hilo ndilo lililonilisha mimi na familia yangu.

Nilikulia Edmonton, Kanada, mtoto wa wazazi waliotoka Mwanza. Mama, shabiki wa Simba tangu usichana wake, aliutazama mchezo wangu kwa jicho la soka. "Mwanangu, hasa unacheza namba ngapi?"

"Zote za mbele, mama."

"Basi wewe kiraka. Kiraka hakosi namba."

Washambuliaji wa hoki ya barafu hucheza watatu watatu: senta na mawinga wawili. Mimi hupiga kwa upande wa kulia, kwa hiyo winga ya kulia ndiyo nafasi yangu ya asili. Lakini nilianza kulipwa katika ligi ya ECHL, ambako mshahara ni wa wiki, safari ni za basi usiku kucha, na benchi halina watu wengi. Senta wetu alipoumia, kocha alinitazama mimi.

Kazi ya senta huanza mwamuzi anapodondosha paki, kile kisahani cha mpira mgumu. Unainama, mkono wa chini unaugeuza kwenye gongo ili upate nguvu ya kuvuta nyuma, na macho unayakaza kwenye vidole vya mwamuzi. Ukiisubiri paki ianguke ndipo utazame, mwenzako ameshaichukua. Nilibaki barafuni baada ya mazoezi, mwenzangu akinidondoshea paki hadi viganja vikawaka moto. Winga ya kushoto ilinipa shida ya aina nyingine: pasi zilizopita kando ya ukuta nilizipokea kwa mgongo wa gongo, ila nikiingia katikati goli zima liko wazi mbele yangu. Niliipenda kwa ajili hiyo tu.

Mchezaji niliyemheshimu kuliko wote ni Willie O'Ree. Wengi humkumbuka kwa tarehe 18 Januari 1958, alipoivaa jezi ya Boston Bruins na kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni. Alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo alilazimika kugeuza shingo nzima ili aione pasi. Baadaye, akiwa Los Angeles Blades, alihamia winga ya kulia, na akaongoza kwa mabao katika ligi ya WHL mwaka 1964 na tena 1969. Kwangu mimi huko kuhama ni jambo kubwa kama ile tarehe. Alijifunza uwanja upya akiwa ameshakuwa mchezaji kamili.

Nilipopandishwa American Hockey League, sikupandishwa kwa mabao. Nilihitajika kwa zile dakika mbili ambazo mwenzetu ameadhibiwa na sisi tumebaki wanne dhidi ya watano. Hapo beki wao anaandaa shuti kutoka mbali, nawe unateleza kumfuata, unapiga goti, unaliweka gongo chini kuziba njia ya pasi, kifua unakielekeza kwenye paki. Ina uzito wa gramu 170 hivi na hugandishwa kabla ya mechi ili isidunde. Ikikupata juu ya kifundo cha mguu, ganzi hupanda hadi gotini. Unainuka. Ukifika benchi, wenzako wanagonga magongo yao ukutani, na sijawahi kufunga bao lililonipa furaha kama kelele ile.

Miaka ya mwisho niliicheza Ujerumani. Viwanja vya huko vina upana wa hadi mita 30, wakati vya Amerika Kaskazini havifiki 26. Zile mita chache zilinibadilishia hesabu zote: winga anapata nafasi ya kupumua, senta ana eneo kubwa zaidi la kukimbilia nyuma. Nikajifunza tena.

Sasa nafundisha vijana hapa Edmonton, na kila wiki nawabadilishia nafasi. Wazazi wengine hunijia wakitaka mtoto wao abaki winga wa kushoto, maana ndiko anakofunga. Nawasikiliza hadi mwisho, nawaeleza sababu zangu, na Jumamosi mtoto anaanza senta.