Juu ya Mbwa Wetu Mfupi na Watoto Wake



Wengi wapitao njia ya kwetu hapa Tunduma husimama penye ua na kucheka, maana hawajapata kuona mbwa aliye mrefu hivi na mfupi hivi kwa wakati mmoja. Watoto wa jirani, waliozoea kutazama magari ya reli ya TAZARA, walimwita Behewa tangu siku ya kwanza, na jina hilo limemganda. Wakiisha kucheka, watu hutuuliza maneno mawili: mbwa huyu hula nini, na watoto wake mwauza kwa bei gani? Neno la kwanza ni jepesi. La pili limetuletea mashauri mengi nyumbani, na kwa ajili yake twaandika barua hii.

Asili ya mbwa wa namna hii ni Ujerumani. Kwa Kijerumani huitwa Dachshund, yaani mbwa wa dachs, na dachs ni mnyama wa jamaa moja na nyegere wetu, alalaye mchana katika shimo refu chini ya ardhi. Wawindaji walitaka mbwa awezaye kuingia shimoni akabweka gizani, hata wenye majembe walioko juu wajue pa kuchimba. Ndiyo sababu ya miguu mifupi, kifua kikubwa, na sauti isiyolingana na mwili. Mwaka 1888 wenye mbwa hao walianzisha chama chao huko Ujerumani, na mwaka 1972, mji wa Munich ulipokaribisha michezo ya Olimpiki, mbwa wa namna hii aliyeitwa Waldi alichorwa kuwa alama ya michezo ile. Basi Behewa si kilema kama wengine wadhanivyo, wala hakukosa chakula utotoni.

Lakini ufupi huo una gharama yake. Mwaka 2009 wataalamu waligundua kwamba miguu mifupi hutokana na nakala ya ziada ya jeni moja. Mwaka 2017 wakaona nakala nyingine ya jeni hiyo hiyo, ambayo huharibu vile vitu laini kama mito vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Mito hiyo hukauka na kuwa migumu mbwa angali kijana, kisha siku moja mmoja hupasuka na kubana mishipa ya fahamu. Mbwa aliyekimbia asubuhi, jioni huburura miguu ya nyuma. Katika mbwa hawa, kama mmoja kati ya wanne au watano hupatwa na ugonjwa huo maishani mwake, na mara nyingi huja kati ya mwaka wa tatu na wa saba. Penye hospitali kubwa za wanyama hupasuliwa upesi. Kwetu sisi tegemeo ni dawa za daktari wa mifugo, na kumfungia mgonjwa mahali padogo majuma mengi asiruke.

Kwa hiyo malezi yake yote huanza na mgongo. Hatumwachi kuruka kitini wala kushuka ngazi. Fundi alitupigia ubao wa mteremko pale barazani. Kumwinua ni kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio, na watoto wetu walifundishwa hivyo kabla hawajaruhusiwa kumbeba. Unene nao ni adui, maana kila ratili ya mafuta hulemea mgongo ule mrefu. Hula ugali kiasi, dagaa waliochemshwa bila chumvi, vipande vya nyama, na boga. Mifupa iliyopikwa hapati, kwa sababu huvunjika vipande vikali. Wala vitunguu, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa hapa mpakani ni mkali, na tumbo lake li karibu sana na ardhi, basi hulala ndani juu ya gunia.

Kuchimba hakuachi. Amekwisha kuharibu matuta mawili ya viazi akimtafuta fuko. Hatumpigi kwa hilo, maana babu zake walichaguliwa miaka mingi kwa kazi hiyo hiyo. Tulimpa pembe moja ya shamba iwe yake, na viazi tukavizungushia matofali.

Hapa twataka kusema na walimu hasa. Mbwa wa nyumbani, awe mfupi au mrefu, achanjwe kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, na tena kila mwaka kama daktari aagizavyo. Karibu watu wote wafao kwa kichaa ulimwenguni wameumwa na mbwa, na dalili zikiisha kuonekana, hakuna dawa. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe. Asipakwe majani wala asingojewe. Septemba 28, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa huu, nayo ni siku nzuri ya kulitaja jambo hili darasani.

Sasa twarudi kwa lile swali la pili. Behewa alipokuwa amepita miaka miwili, shemeji yetu, mfanyabiashara wa mchele, alikuja na habari njema kwa maoni yake: liko dume la namna hiyo mtaa wa pili, yuko na mnunuzi wa watoto wawili, na fedha ya kutangulia i mfukoni. Ilikuwa mwezi wa Desemba, na kila mzazi ajua uzito wa Januari. Lakini dume lile na Behewa baba yao ni mmoja, maana wote wawili walitoka nyumba moja upande wa Nakonde. Shemeji akasema, "Mbwa ni mbwa, hawana ukoo." Tukamjibu, "Wewe ulipokuja kumposa dada yetu, wazee waliuliza hata magonjwa ya babu zako, nawe hukukasirika." Alicheka, lakini fedha aliirudisha kwa uso mzito, na kwa muda hakuja kwetu kunywa chai.

Tulivuka mpaka tukamwuliza mwenye mbwa wale. Baba alikuwa na miaka tisa na angali akitembea vema. Mama yake Behewa vivyo hivyo. Lakini mama wa lile dume alipooza miguu ya nyuma akiwa na miaka mitano. Kuwapandisha ndugu ni kuongeza hatari ya kila ugonjwa uliojificha katika damu yao. Na hapa ugonjwa wala haukujificha.

Tulingoja mwaka mmoja, hata tukapata dume la Mbeya lisilo na udugu naye. Lilikuwa na miaka minane. Watu walishangaa kwa nini twachagua mzee. Sisi twaona ndiyo hekima: kijana wa mwaka mmoja hajaonyesha bado kama mgongo wake ni mzima, bali aliyevuka miaka ile ya hatari ametoa ushahidi wake mwenyewe. (Wenye mbwa wa mabaka nao wajihadhari wasimpandishe wa mabaka kwa wa mabaka, maana watoto warithio mabaka pande zote mbili huweza kuwa vipofu au viziwi.)

Mimba ilichukua siku 63. Walizaliwa watano, na mmoja aliyekuwa mdogo mno alikufa siku ya pili, ijapokuwa tulikesha tukimtia joto kwa chupa ya maji moto. Wanne waliobaki walifumbua macho katika juma la pili, ndipo wakapata dawa ya kwanza ya minyoo, na juma la nne wakaanza uji mwepesi. Hatukumtoa mtoto hata mmoja kabla ya majuma nane, kwa kuwa anyang'anywaye mama yake mapema hukosa adabu ambayo mwanadamu hawezi kumfundisha.

Mtu mmoja mwenye gereji ya malori alitaka wawili wafungwe minyororo usiku wamlindie vyuma. Tulimnyima, ingawa bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko zote. Waliochukua walipewa karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, chanjo, na majina ya wazazi, nao wakaahidi mambo mawili: wakishindwa kumlea watamrudisha kwetu, na mgongo wake ukiugua watatupasha habari. Tulipotoa malipo ya daktari, nauli za Mbeya, chanjo na maziwa, salio halikutosha karo ya muhula mmoja.

Shemeji amerudi kunywa chai, naye ameuliza habari ya uzao wa pili. Tumemwambia hautakuwako. Migongo ya watoto hawa haitajulikana mpaka wapite mwaka wa nne au wa tano, na hapo Behewa atakuwa mzee mno kuzaa; basi daktari amekwisha kumfunga kizazi. Jike mmoja tuliyebaki naye atangoja majibu ya ndugu zake. Shemeji ahesabu miaka hiyo kwa vidole na kutikisa kichwa.

Juma lililopita mwenye mtoto aliyekwenda Vwawa alituletea salamu. Mgongo ni mzima. Ila amechimba chini ya banda la kuku mara tatu, na bwana yule auliza atazoea lini. Tumemjibu kwamba mama yake hajazoea bado.